Volkswagen Beetle au Renault 4: kuchagua gari la zamani la kuendesha

Mtu akiniambia anatafuta gari dogo la zamani la Ulaya, namuuliza kwanza: la kuendesha au la kuegesha? Wa kuegesha achague kwa macho, linalompendeza ndilo hilo. Wa kuendesha, anayetaka gari la kwendea kazini, sokoni, na siku nyingine kulitia njiani hadi mkoani, huyo ndiye ninayemwandikia, na kwake nina majina mawili tu: Volkswagen Beetle na Renault 4.

Fiat 500 inapendwa sana, lakini ni finyu mno kwa safari ndefu. Mini ni kali kwenye kona, ila tairi zake za inchi 10 na tumbo lililo karibu na ardhi havivumilii makorongo. Citroën 2CV kwa fikra ni ndugu wa Renault 4, na nimeiacha kwa sababu injini yake ya silinda mbili hutaabika ukishapakia watu wanne ukaanza kupanda mlima.

Haya mawili niliyobaki nayo yanalingana kwa haki. Yote yalikusudiwa mtu wa kipato cha kawaida, yote yalitengenezwa kwa mamilioni, na yote yaliishi kwetu Afrika Mashariki. Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mashindano hayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope. Renault 4 haikupata taji hilo, lakini Kenya waliizoea kiasi cha kuipa jina lao wenyewe, Renault Roho, na hadi leo wapo wanaoijua kwa jina hilo tu.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua ninapoelekea. Kwa anayenunua gari la zamani kwa mara ya kwanza, Beetle ndiyo salama zaidi, na sababu kubwa ni vipuri. Lakini ukiniuliza lipi kati ya haya mawili ndilo gari bora, lililofikiriwa vizuri zaidi kwa ajili ya mtu na mizigo yake na barabara yake mbovu, nasema Renault 4, na sisiti.

Yalikotoka

Beetle ilichorwa na Ferdinand Porsche na wenzake miaka ya 1930 kwa agizo la serikali ya Hitler. Wananchi walioahidiwa magari hawakuyapata, kwa sababu vita vilianza na kiwanda kikageuzwa cha kijeshi. Mwaka 1945 kiwanda cha Wolfsburg kiliangukia mikononi mwa Waingereza, na afisa wao, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyekifufua badala ya kukiacha kibomolewe. Heinz Nordhoff alikabidhiwa uongozi mwaka 1948, na chini yake gari likaboreshwa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila kubadili umbo. Tarehe 17 Februari 1972 Beetle ilipita rekodi ya Ford Model T iliyozidi milioni 15. La mwisho lilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na jumla ilikuwa magari 21,529,464.

Renault 4 ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Baada ya vita Renault walikuwa na gari dogo liitwalo 4CV, nalo injini yake ilikuwa nyuma kama ya Volkswagen. Mkuu wa kampuni, Pierre Dreyfus, alitaka gari moja linalofaa mjini na shambani, siku za kazi na siku za mapumziko. Wahandisi wake wakageuza kila kitu: injini mbele, nguvu kwenye tairi za mbele, sakafu bapa, na nyuma mlango mmoja mkubwa unaofunguka kwenda juu. Lilionyeshwa mwaka 1961. Lilipoacha kutengenezwa mwaka 1994, zaidi ya milioni 8 yalikuwa yametoka, kuanzia Ufaransa hadi Novo Mesto kule Slovenia, Morocco, na Envigado nchini Kolombia. Antananarivo, Madagascar, yalifanya kazi ya teksi kwa miaka mingi.

Kwa hiyo unalinganisha fikra ya miaka ya 1930 iliyonolewa kwa miongo, na fikra ya 1961 iliyoanza upya. Hilo utaliona kila utakapofungua mlango.

Injini

Injini ya Beetle ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na inapoozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mipira ya maji ya kupasuka. Kuanzia 1954 nyingi zilikuwa na sentimita za ujazo 1192 na nguvu za farasi 30, baadaye 34. Kisha zikaja 1300, 1500 na 1600. Usidanganyike na hesabu ndogo za farasi: injini hii huvuta vizuri kwenye mwendo wa chini, na ikitunzwa inakubali kutembea siku nzima kwa mwendo uleule.

Lakini "haina maji" haimaanishi "haina masharti". Oili ni lita 2.5 tu, na haina filta ya karatasi kama tulizozoea, ina kichujio cha wavu. Oili hiyo nayo hubeba sehemu ya joto la injini, kwa hiyo ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa usingoje hata zifike. Tapeti (nafasi za valvu) nazo zirekebishwe katika mzunguko huohuo, injini ikiwa ya baridi kabisa. Ni kazi ndogo. Unalala chini nyuma ya gari, unasukuma waya unaoshika kifuniko cha valvu kwa bisibisi, kifuniko kinadondoka mkononi, na mbele yako zipo valvu nne za upande huo. Injini nyingi huachwa nafasi ya milimita 0.15. Mmiliki anayejifunza kazi hii moja amejiokolea injini, kwa sababu valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, huungua, na ikikatika huondoka na pistoni.

Silinda namba 3 ndiyo inayoteseka zaidi. Kwenye injini za kabla ya toleo la 1971, kipoza-oili kilisimama katikati ya njia ya hewa inayokwenda kwenye silinda hiyo, basi ikawa inapata hewa iliyokwisha kupashwa joto. Kuanzia toleo hilo kipoza-oili kilisogezwa pembeni. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua injini ya baadaye. Na hakikisha mabati yote yanayoizunguka injini yapo, pamoja na mpira wa pembeni unaoziba mwanya kati ya injini na bodi. Mafundi wengi huyatupa wakidhani ni mapambo. Si mapambo. Bila mabati hayo, feni inavuta tena hewa ya moto iliyotoka chini ya injini, na injini inajichemsha yenyewe.

Feni na jenereta vinazungushwa na mkanda mmoja. Taa nyekundu ikiwaka ukiwa njiani, simama papo hapo, kwa maana huenda mkanda umekatika na injini haipoozwi tena. Mkanda wa akiba na spana yake vikae garini daima.

Kuna jambo moja ambalo Renault haiwezi kulijibu. Injini ya Beetle imeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti nne. Fundi anayeijua hufungua nyaya, kebo ya mafuta na mpira wa petroli, akaweka jeki chini, akafungua boliti hizo, na injini ikawa sakafuni kabla ya chai ya saa nne. Klachi imekwisha? Sili ya nyuma inavuja? Ni kazi ya nusu siku.

Renault 4 ina silinda nne zilizosimama mstarini, inapoozwa kwa maji. Za kwanza zilikuwa za ujazo wa 747 na 845, na mwaka 1978 toleo la GTL likaja na injini ya 1108 yenye nguvu za farasi 34. Hiyo ya GTL ndiyo ninayoitaka. Imetulia, inakula mafuta kidogo, na huisikii ikipiga kelele ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 90. Kwa safari ya wastani itatumia kama lita 6 kwa kilomita 100, wakati Beetle ya 1200 au 1300 mara nyingi hukaribia 8 au 9. Ukijaza tangi kila wiki, tofauti hiyo unaiona mfukoni.

Mfumo wake wa maji umefungwa na una chombo cha akiba, jambo lililokuwa geni kwa magari madogo ya 1961. Silinda zake zimevishwa slivu, yaani maganda ya chuma ya ndani, zinazotoka. Maana yake, injini ikichoka hulazimiki kupeleka bloku kutobolewa upya: unanunua slivu na pistoni zake kama seti, unatoa za zamani, unaingiza mpya. Udhaifu wake mkubwa ni sisi wenyewe. Huku kwetu fundi akiona gari linachemsha, hutoa thermostati (kifaa kinachodhibiti joto la maji), akamwaga maji ya bomba, akakuambia limepona. Miaka miwili baadaye njia za maji zimeziba kwa kutu na chumvi, na gasketi ya silinda hedi inaondoka. Renault 4 iliyowekewa kulanti sahihi (dawa ya maji ya kupooza injini) tangu mwanzo ina injini ya maisha marefu. Ukifungua chombo cha akiba ukakuta maji ya rangi ya udongo, punguza bei kwa gharama ya ovahoo (kufungua injini na kuitengeneza upya), au ondoka.

Barabarani

Hapa ndipo Renault inaponishinda nguvu ya kuwa mwamuzi asiyependelea. Kila tairi ina springi yake ya fito za chuma zinazojipinda, na tairi zina nafasi kubwa sana ya kupanda na kushuka. Zile mbili za nyuma fito zake zimelala sambamba, moja mbele ya nyingine, kwa sababu ni ndefu na hazikuweza kuwekwa mstari mmoja. Ndiyo maana ukipima kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma, upande mmoja wa gari ni mrefu kuliko mwingine kwa karibu sentimita 5. Haikuwa kasoro. Waliona afadhali springi ndefu laini kuliko vipimo vinavyolingana, na kwa barabara ya changarawe walikuwa sahihi. Gari linainama sana kwenye kona, abiria mgeni anashika mlango, lakini tairi haziachii ardhi. Ndugu wawili Wafaransa, Claude na Bernard Marreau, walilipeleka Renault 4 lililofungwa mfumo wa kuvuta tairi zote hadi nafasi ya tatu katika mashindano ya Paris–Dakar ya 1980.

Beetle nayo ina fito za kujipinda na inavumilia mashimo kwa ustahimilivu unaojulikana dunia nzima. Uzito wa injini uko juu ya tairi zinazosukuma, kwa hiyo kwenye tope na mchanga inashika kuliko unavyotarajia. Ila ekseli ya nyuma ya matoleo mengi ni ile inayobembea: ukiingia kona kwa kasi ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, tairi ya nyuma ya nje hujikunja chini ya gari na mkia ukataka kukupita. Unajifunza kupunguza mwendo kabla ya kona na kutoka ukikanyaga mafuta taratibu. Upepo wa ubavuni pia huisukuma, na kwenye barabara ndefu iliyo wazi mikono haitulii kwenye usukani.

Gia za Renault zinahitaji mazoea. Mkono wa gia unatoka kwenye dashibodi, unauvuta, unausukuma na kuuzungusha kushoto na kulia. Dakika kumi za kwanza unatafuta gia, baadaye unashangaa kwa nini wengine waliziweka sakafuni zikala nafasi ya miguu. Kumbuka tu kwamba za kabla ya mwisho wa 1967 zina gia tatu, na kwa njia ya milima gia tatu ni adhabu. Tafuta ya gia nne.

Breki za magari yote mawili, kwa matoleo mengi, ni za dramu pande zote. Beetle ya 1500 ilipata diski mbele kuanzia toleo la 1967, na Renault GTL mwaka 1983. Katika foleni za leo, katikati ya pikipiki zinazokatiza, diski za mbele nazihesabu kuwa hitaji. Na mikanda ya usalama: kama haipo, ifungwe kabla hujampakia mtoto. Tangi la Beetle liko mbele, karibu na miguu ya dereva, na hakuna gari hata moja kati ya haya lililojengwa kuhimili kugongana na gari la leo. Endesha ukilijua hilo.

Nafasi

Sina mengi ya kusema hapa, kwa kuwa jibu ni wazi. Beetle ina urefu wa mita 4.07 na milango miwili. Buti ni sanduku dogo mbele, chini ya boneti, pamoja na kijishimo nyuma ya kiti. Renault ni fupi kwa karibu sentimita 40, ina milango minne na ule wa nyuma, na kiti cha nyuma kinakunjwa au kutolewa kabisa. Gunia la mkaa, baiskeli, friji ndogo, mikungu ya ndizi, vyote vinaingia bila kuinuliwa juu ya kizingiti, kwa sababu sakafu inaishia usawa wa bampa. Mama mzee anaingia nyuma kwa mlango wake mwenyewe badala ya kujikunja kupita kiti cha mbele. Kama gari ni la familia, usisome tena.

Nitaitetea Beetle kwa jambo moja: ilivyofungwa vizuri. Milango yake hufunga kwa mlio mmoja, viti ni imara, na mpaka leo ukikaa ndani unahisi watu waliijenga kwa makini. Renault ni mabati membamba, vioo vya mbele vya kuteleza badala ya kushuka, na viti vya kwanza vilikuwa kitambaa kilichotandazwa kwenye mabomba. Kelele ya barabara inaingia yote.

Kutu

Watu hununua gari la zamani kwa kusikiliza injini. Injini hutengenezwa na fundi yeyote mwenye subira. Bodi iliyooza hula fedha zako mwaka mzima na bado isirudi. Nenda kukagua mchana, ukiwa na tochi, bisibisi butu na nguo za kulala chini.

Kwa Beetle, anza na kiti cha nyuma. Kiinue. Betri iko upande wa kulia, na tindikali yake imekuwa ikidondoka hapo kwa miongo. Toa betri, gusa sakafu kwa bisibisi. Ikipenya, umepata bei mpya ya kuzungumzia. Kisha lala ubavuni utazame mihimili mitupu iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo ndiyo uti wa bodi, na ndani yake hupita hewa ya moto ya kupasha gari, hivyo unyevu huizunguka kutoka ndani na nje. Wauzaji huibandika bati juu ya kutu na kuipaka rangi nyeusi nzito. Fungua mlango, uunyanyue kidogo kwa mkono, kisha ufunge utazame mwanya wake na bodi: usipolingana juu na chini, huenda gari limeshuka katikati. Malizia na ekseli ya mbele na kishimo cha tairi la akiba, ambacho hukusanya maji.

Habari njema ni kwamba kila kipande nilichokitaja huuzwa kipya, kimekatwa tayari. Hata sakafu nzima ya Beetle hufunguliwa ikawekwa nyingine.

Renault 4 ina hatari kubwa zaidi, na sitaki kuipamba. Bodi yake imefungwa kwa boliti juu ya chesisi ya bati, na chesisi hiyo huoza kwa ndani mahali usipopaona. Mahali pa kuua gari ni nyuma, pale zinaposhikiliwa zile fito za kujipinda. Pakioza, tairi ya nyuma haina kinachoizuia. Mahali pa pili ni mikono ya chesisi ya mbele, na pa tatu ni sakafu chini ya mazulia. Mwombe mwenye gari aliinue kwa jeki upande mmoja huku milango ikiwa imefungwa. Jeki ikizama kwenye bati, au mlango ukagoma kufunguka gari likiwa juu, mshukuru kwa muda wake uende zako. Gari lililokaa Nairobi au Nakuru huwa na chesisi nzuri kuliko lililokaa kando ya bahari, na lililokaa kusini mwa Ufaransa ni bora kuliko lililokaa kaskazini kunakomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji.

Vipuri na fundi

Beetle ilitengenezwa Mexico hadi 2003, kwa hiyo vipuri vingi havijawahi kukosekana, na viwanda vya Ujerumani na Brazil vinaendelea kuvitoa. Ubora hutofautiana. Pistoni na kebo za bei nafuu sana zina sifa mbaya, na afadhali ulipe zaidi mara moja. Kwenye gereji za Grogan, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, bado utamkuta mzee aliyejifunza kazi kwenye injini hizi, na ujuzi wake una thamani kuliko kitabu chochote.

Vipuri vya Renault 4 vipo kwa wingi Ufaransa na Slovenia, ila huku kwetu utaagiza kila kitu, hata pedi za breki. Kinachosaidia ni kwamba injini ya 1108 ni ya ukoo mmoja na zilizowekwa kwenye Renault 5. Kama una ndugu Paris, Marseille au Brussels anayekuja nyumbani kila mwaka, tatizo limepungua nusu. Kama huna, weka akiba tangu siku ya kwanza: pampu ya maji, klachi, silinda za breki, shafti za mbele na mipira yake, thermostati mbili.

Kwa wasomaji wanaoishi Ulaya mambo ni mepesi. Ujerumani na Ufaransa gari likitimiza miaka 30 linaweza kusajiliwa kama la kihistoria, Uingereza ni miaka 40 na kodi ya barabara huondolewa. Kwa Uingereza kumbuka usukani: Renault 4 zenye usukani wa kulia zilitengenezwa, lakini ni chache kuliko za kushoto. Renault 4 mpya ya umeme iliyoonyeshwa Paris mwaka 2024 imeamsha hamu ya ile ya zamani, basi usitegemee bei kushuka.

Miaka ya kutafuta

Beetle: usiikimbilie yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika, cha kabla ya Machi 1953, wala ile ya kioo cha yai iliyoendelea hadi 1957. Hizo ni za wakusanyaji, bei yake haihusiani tena na usafiri, na umeme wake ni wa volti 6. Kwa kuendesha, chukua 1300 au 1500 ya kuanzia 1968, yenye volti 12. Matoleo ya 1302 na 1303 yana mfumo mwingine wa mbele, ni matulivu zaidi kwenye lami, lakini kwa barabara mbovu mimi nabaki na ekseli ya mbele ya zamani, ambayo kila fundi anaijua.

Namba ya chesisi iko kwenye mgongo wa sakafu chini ya kiti cha nyuma. Kwa magari ya kuanzia Agosti 1964, tarakimu ya tatu ya namba hiyo ndiyo ya mwisho ya mwaka wa toleo: ikianza na 118, ni toleo la 1968. Muuzaji akikuambia 1966 na chesisi inasema 1972, jua injini, bodi na karatasi huenda vimetoka magari matatu. Linganisha na kadi ya gari au logibuku kabla hujatoa hata shilingi.

Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uivute kwako kisha uisukume kwa nguvu kuelekea mbele ya gari. Ukisikia mgongano, beringi za krenki zimekwisha na ovahoo inakungoja, hata kama injini inawaka vizuri. Ni kipimo cha sekunde tano, na wauzaji wengi hawapendi ukifanye.

Renault: GTL, na kama inapatikana, ya kuanzia 1983 yenye diski. Ikague chesisi kwa jua la saa saba, usiniamini mimi wala muuzaji. Endesha, kata kona kabisa kushoto kisha kulia huku ukikanyaga mafuta: ukisikia ta-ta-ta mbele, shafti zimechoka, na si kasoro ya kukufanya uache gari zuri. Angalia pia kama moshi wa bluu unatoka ukiachia mafuta kwenye mteremko.

Ukishanunua, lolote kati ya haya mawili, kuna kazi mbili za kufanya kabla ya safari yoyote. Badilisha mipira yote ya petroli na vibano vyake. Kwa Beetle hili ni la lazima kabisa, kwa maana mpira uliokauka hudondosha petroli juu ya injini ya moto karibu na distribyuta, na Beetle nyingi zimeungua hivyo. Beba kizima-moto kidogo chini ya kiti cha dereva. Kisha fungua breki zote nne, badilisha silinda na mipira yake hata kama zinaonekana nzima, na uondoe brekifluidi yote ya zamani.

Kwa fedha zangu mwenyewe, leo hii, ningetafuta GTL ya miaka ya 1980 iliyokaa bara na ambayo chesisi yake haijawahi kuchomelewa. Nikizunguka miezi sita bila kuipata, nitachukua Beetle ya 1969 au 1970 yenye mabati yote ya injini, na nitaanza kwa kurekebisha tapeti.